Tulipeni kwa Kutazama

Mteja anapoingia dukani kwangu na kompyuta isiyowaka, mimi na yeye huwa tunataka vitu viwili tofauti. Yeye anataka mashine iwake. Mimi nataka kujua ndani mna nini, na kama kuna nakala yake mahali pengine. Akiniambia, "Bi fundi, niwashie tu, nina haraka," nami nikamtii, upo uwezekano mkubwa wa kumwashia mashine na papo hapo kumpotezea kile kilichomfanya ainunue.

Kazi yetu sisi mafundi wa kompyuta wa mjini Unguja hulipwa mwishoni, na sidhani kama wenzetu wa Kariakoo au Mombasa wana desturi nyingine. Mashine imewaka, lete pesa. Haikuwaka, chukua mzigo wako na utuwie radhi. Hakuna anayemlipa fundi akae na diski aitazame hali yake kabla ya kuigusa, wala hakuna anayemlipa fundi aseme, "Hii usiiwashe tena." Na fundi ana kodi ya mlango, ana watoto wa skuli. Basi hufanya kinacholipa: huiamuru programu irekebishe makosa ya diski, huenda kusali Alasiri, akirudi mashine inawaka. Kwa maoni yangu mpango huu wa malipo umeua mafaili mengi kuliko virusi, na kuliko hata huu umeme wetu.

Programu za kukagua na kurekebisha makosa ya diski ni za zamani. Katika Windows kuna chkdsk, iliyorithiwa kutoka enzi za MS-DOS. Katika Linux na jamaa zake kuna fsck. Wateja wengi, na mafundi wasio wachache, huamini kwamba programu hizi huitibu diski au huyatibu mafaili. Hazifanyi hili wala lile. Kila diski ina sehemu ambamo mfumo huweka kumbukumbu: faili hili linaitwa hivi, limeanzia hapa na kuendelea kule, nafasi hizi zimejaa, hizi ni tupu. Mfikirie mtunza ghala mwenye daftari. Siku moja daftari na rafu havilingani. Kuna gunia sakafuni ambalo halikuandikwa popote, na kuna mzigo ulioandikwa ambao hauonekani. Mtunza ghala huyu hakuajiriwa kutafuta mali iliyopotea. Ameajiriwa alinganishe daftari. Kwa hiyo gunia lisiloandikwa analisukumia kona moja, na mzigo usioonekana anaupiga mstari. Akimaliza, hesabu zinalingana, anatia saini. Mwenye mali huambiwa kila kitu kiko sawa, na hubaki na furaha yake mpaka siku atakapokitaka kile kilichokuwa ndani ya gunia.

Kona hiyo ipo kweli. Katika Windows ni folda iitwayo found.000, ambayo kwa kawaida imefichwa, na ndani yake hulala mafaili yenye majina kama FILE0000.CHK na FILE0001.CHK. Jina la asili limekwenda, na aina ya faili haijulikani tena kwa kutazama. Linux ina folda yake, lost+found. Nimewahi kuona found.000 yenye maelfu ya mafaili katika kompyuta ambayo mwenyewe aliambiwa imepona kabisa. Hakuambiwa kuhusu folda hiyo kwa sababu fundi naye hakuijua.

Ukiiendesha chkdsk bila kuiongezea kitu, inasoma tu na kukupa ripoti. Ukiiongezea /f, umeipa ruhusa ya kubadilisha daftari. Ukiiongezea /r, ambayo ndiyo mafundi wengi huipenda kwa sababu inaonekana ina nguvu zaidi, inafanya yote ya /f, kisha inapita diski nzima sekta kwa sekta, yaani kipande kimoja kimoja, ikitafuta zisizosomeka. Ikikuta sehemu ya faili imeangukia mahali pabovu, huliwekea faili hilo nafasi nyingine, na pale pabovu hupatia alama pasitumike tena. Skrini huandika kwamba sehemu mbovu za faili fulani zimebadilishwa. Ni habari ya kufurahisha kwa asiyejua. Kilichokuwa mahali pasiposomeka hakikuhamia popote. Faili limebaki na jina lake na ukubwa wake, lakini katikati lina tundu.

Kijana mmoja mpiga picha za harusi aliniletea diski ya nje ambayo ilikwisha kupita kwa fundi mwingine. Ilikuwa na picha za kesha, za nikaha msikitini, za bibi harusi akiwa amepambwa, na za walima. Fundi aliiacha ijirekebishe usiku kucha. Asubuhi diski ilifunguka vizuri, folda zikaonekana, pesa zikalipwa. Kijana alipofika nyumbani ndipo alipoona: picha hii nusu ya juu ni uso wa bibi harusi, nusu ya chini ni kijivu kitupu. Ile haifunguki. Zile nyingine hazipo kwenye folda yake. Alipofika kwangu diski ilikuwa imeanza kugonga. Nyingi tulizipata kwa PhotoRec, programu ya bure ya Mfaransa Christophe Grenier, ambayo haina haja na daftari hata kidogo. Hupita diski yenyewe na kuitambua picha kwa jinsi inavyoanza. Lakini majina yote yalikuwa yamekwenda, mpangilio umekwenda, harusi za watu mbalimbali zimechanganyika, na zile nusu za kijivu hakuna wa kuzijaza.

Kilichoniudhi ni kwamba siku moja kabla, kwa maneno ya kijana mwenyewe, picha zile zile zilikuwa zikifunguka. Kwa taabu, kwa kusubiri, lakini zikifunguka. Diski ilikuwa inasomeka. Simlaumu fundi yule. Aliambiwa atengeneze, akatengeneza, akalipwa. Laiti angelipwa kwa kunakili, angenakili.

Ndani ya diski ya kuzunguka mna sahani zinazokwenda mizunguko 5,400 au 7,200 kwa dakika, na vichwa vinavyoelea juu yake kwa umbali wa nanomita chache tu. Diski ikishaanza kuharibika mwilini, kila dakika ya kuzunguka ina hatari yake. Sasa mtu anaiambia ipite uso wake wote, na kila inapokwama ijaribu tena na tena. Kwa diski ya terabaiti moja hiyo ni kazi ya saa nyingi, pengine usiku na mchana. Tumeipa diski kazi nzito kuliko zote ilizowahi kufanya, na tumeipa wakati ambao ina nguvu ndogo kuliko wakati wowote. Na umeme ukikatika katikati ya kuandikwa upya kwa daftari, hapo hata mtunza ghala hajui alifika ukurasa upi.

Tulifikaje hapa? Tabia hii ya kukimbilia kurekebisha ina asili, na asili yake haikuwa mbaya. Mwaka 1993 MS-DOS 6.2 ilikuja na ScanDisk, na waliotumia Windows 98 watakumbuka: umeme ukikatika, kompyuta ikiwaka tena inakaribisha kwa skrini ya buluu na karipio kwamba hukuizima ipasavyo, kana kwamba wewe ndiye uliyekata umeme. ScanDisk inapita, inamaliza, kazi inaendelea. Kisha ikaja Windows XP na chkdsk yake. Mwaka 2008 Unguja ilikosa umeme kwa karibu mwezi mzima, na kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010 kwa karibu miezi mitatu, baada ya njia ya umeme kutoka Bara kuharibika. Nilikuwa najifunza kazi dukani kwa mjomba wangu. Mji mzima ulikuwa unanguruma jenereta. Jenereta inazimika mafuta yakiisha, inayumba mtu akiwasha friji, na kompyuta zinaletwa kwa mkokoteni. Tulikuwa tunaendesha chkdsk kuanzia asubuhi hadi jioni, na ilikuwa inafaa. Nyingi zilipona kweli kweli.

Zilipona kwa sababu diski zenyewe zilikuwa nzima. Umeme ukikatika, diski ya kisasa hutumia nguvu ya sahani zinazomalizia kuzunguka kuvirudisha vichwa maegeshoni, kwa hiyo mara nyingi mwili haudhuriki. Kinachoharibika ni daftari lililokatwa likiandikwa. Daftari bovu juu ya diski nzima ndiyo kazi halisi ya chkdsk, na hapo mimi pia naitumia bila wasiwasi. Tatizo ni kwamba kizazi chetu cha mafundi kilijifunza dawa moja katika msimu wa ugonjwa mmoja, kikaendelea kuitoa kwa kila anayeingia. Siku hizi NTFS, mpangilio wa mafaili unaotumiwa na Windows, huweka kumbukumbu ya kila badiliko la daftari kabla halijafanywa, na baada ya kukatika kwa umeme hujirekebisha wenyewe bila kumwita mtu. Ikiwa leo Windows inang'ang'ania kukagua diski kila inapowaka, mimi hujiuliza kwa nini ile kinga imeshindwa. Na jibu mara nyingi haliko kwenye daftari.

Na kujua jibu liko wapi si uchawi. Diski huweka hesabu ya afya yake yenyewe, mfumo uitwao SMART, na programu ya bure ya CrystalDiskInfo kutoka Japani huionyesha kwa dakika moja. Mafundi wengi wanayo, ila huishia kutazama rangi: buluu nzuri, njano tahadhari. Mimi huenda kwenye mistari. Namba 05 ni sekta ambazo diski ilizikataa ikahamia kwenye akiba yake. C5 ni sekta zinazosubiri, yaani zilishindikana kusomwa na diski bado haijazitolea hukumu. C6 ni zilizoshindikana kabisa. C7 ni makosa ya mawasiliano kati ya diski na kompyuta. 09 ni saa ilizofanya kazi. Mwaka mzima bila kuzimwa ni saa 8,760, kwa hiyo diski yenye saa 30,000 imekwisha kufanya kazi zaidi ya miaka mitatu mfululizo, hata kama kasha lake linang'aa.

Hii C5 niieleze vizuri, kwa sababu ndiyo inayotumiwa kudanganyia. Sekta inayosubiri ni sekta ambayo diski haikuweza kuisoma, lakini haithubutu kuihamisha, kwa kuwa hapo bado kuna kitu cha mtu ambacho pengine kitasomeka safari nyingine. Inasubiri. Ukiandika kitu kipya juu yake, kungoja kumekwisha: diski ama huona mahali pale bado panafaa, ama huhamia kwenye akiba, na hesabu ya C5 hushuka. Kwa hiyo mtu akiifomati diski mbovu kwa ukamilifu, namba ile huweza kurudi sifuri na diski ikaonekana nzima. Wauzaji wa vitu vilivyotumika wanalijua hili. Mwanzoni mwa 2025 tovuti ya habari za teknolojia ya Ujerumani, heise, ilifichua diski zilizotumika maelfu ya saa zikiuzwa kama mpya, saa zake zimefutwa. Ikiwa Mjerumani anauziwa hivyo na risiti anapewa, sisi wa Mlandege hapa mjini Unguja tusijione wajanja.

Namba zenyewe zina mipaka. Mwaka 2007 watafiti watatu wa Google, Pinheiro, Weber na Barroso, walichapisha utafiti uliotazama zaidi ya diski 100,000 za kampuni hiyo. Waligundua kwamba diski ikishaonyesha kosa lake la kwanza katika ukaguzi wa uso wake, uwezekano wa kufa ndani ya siku 60 ni mara 39 ya diski isiyo na kosa. Lakini waligundua pia kwamba zaidi ya asilimia 36 ya diski zilizokufa hazikuwa zimeonyesha dalili yoyote katika hesabu hizo, ukiacha joto. Mimi husoma matokeo hayo mawili kwa pamoja: namba mbaya inatosha kunifanya nisimame, namba nzuri haitoshi kunifanya nijiamini.

Kutazama pia huwaokoa watu na gharama zisizo zao. Kuna ofisi moja iliyokwisha kuambiwa diski ya kompyuta yao ya mezani imekufa, wanunue mpya, na kurudishiwa mafaili ni malipo mengine. Nikatazama. 05 sifuri, C5 sifuri, C6 sifuri, C7 imepanda kwa mamia. Diski haikuwa na ubaya wowote. Waya wake wa data ulikuwa umelegea, na vingi vilivyopita ndani yake vilifika vimekatika. Waya huo ni shilingi elfu chache. Karani alipoona risiti alicheka, akasema nimefanya kazi ya kitoto. Kwa hesabu za mtaani alikuwa na haki: aliyetaka kuwauzia diski angepata faida, mimi niliyegundua kwamba haihitajiki nilipata bei ya waya. Na lau mtu angeendesha marekebisho juu ya waya ule uliolegea, programu ingeshindwa kusoma baadhi ya mahali, ikaamini kwamba daftari ni bovu, na ikalisahihisha pasipo kosa. Kumbukumbu mbovu, ile RAM, nayo huipotosha programu vivyo hivyo.

Ndiyo maana niliandika ukutani kwangu kwamba kutazama ni shilingi elfu kumi, hulipwa kwanza. Mzee mmoja mwenye duka la vitambaa alisoma mara mbili.

"Mwanangu, kutazama tu elfu kumi? Na hujafungua hata skurubu moja?"

"Ndiyo, ami. Na nikikwambia uichukue mashine yako bila kuifanya kitu, bado ni elfu kumi."

"Makubwa haya."

Akaibeba akenda kwa jirani yangu, ambako kutazama ni bure. Jirani yangu ni mtu mwema na tunaazimana vifaa. Lakini bure yake ina bei, nayo inaingizwa katika kazi itakayofuata, na kazi itakayofuata ni lazima iwepo. Fundi anayetazama bure hawezi kila siku kusema "haina kitu" wala "usiiguse." Atakula nini?

Nikishatazama na kuona dalili za ubaya, sigusi daftari. Ninanakili. Kama diski bado inafunguka, namuuliza mwenyewe: kitu gani ukikikosa hutalala? Tunaanza na hicho. Mwalimu atasema mitihani na alama, mfanyabiashara madeni ya watu, mwanafunzi wa chuo tasnifu yake. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniambia nianze na Windows. Na hivi vya mwanzo aghalabu ni vidogo, vinaingia katika flashi. Hilo ndilo jibu langu kwa wanaosema nakala ni anasa ya wenye pesa. Filamu na nyimbo zinaweza kungoja, au kufa.

Kama diski haifunguki au inakwama ovyo, natumia GNU ddrescue, programu ya bure ya Mhispania Antonio Díaz Díaz. Inanakili diski nzima kwenda diski nyingine ikiwa na adabu ambayo chkdsk haina: inachukua kwanza yote yanayosomeka kwa urahisi, inaruka panapokwama, kisha inarudi baadaye kujaribu yale magumu. Na inaandika pembeni ramani ya ilipofika, kwa hiyo umeme ukikatika, ukirudi inaendelea pale pale. Sidhani kama mtunzi wake alikuwa anafikiria Unguja, lakini ametufaa. Nakala ikikamilika, diski ya asili inawekwa kando, haiguswi tena, na marekebisho yote, chkdsk na wenzake, hufanywa juu ya nakala ya nakala. Tukiharibu, tunanakili upya kutoka kwenye nakala ya kwanza na kuanza tena. Mpangilio huu haunigharimu zaidi ya diski ya kuazima na muda. Muda ndio usiolipwa.

Nataja mambo mawili matatu kwa haraka. Diski inayogonga usiiweke kwenye friza. Kuna watu huniletea diski imefungwa nailoni, inatoka maji, kwa sababu mtu amewaambia baridi huirudisha. Kwa unyevu wa hewa yetu, umande unaoingia ndani unamaliza hata kilichobaki. Wala usiipige, wala usiifungue kifuniko ukaitazame, kwa sababu chembe ya vumbi usiyoiona kwa macho ni jiwe kwa kichwa kinachoelea nanomita chache. Kitu kimoja cha bahari yetu ambacho hakinikatishi tamaa ni kutu ya chumvi kwenye sahani ndogo za mguso chini ya bodi ya diski. Mara nyingine huisugua kwa raba ya penseli na diski iliyokataa kutambuliwa ikatambuliwa, walau muda wa kutosha kunakili. Na hizi diski mpya za SSD zisizo na sehemu inayozunguka hazigongi wala hazilalamiki. Nyingi hufa bila kuaga, na faili lililofutwa humo mara nyingi halirudi, kwa sababu diski yenyewe hulisafisha mara tu mfumo unapoiambia nafasi ni tupu. Kwa SSD hata muda wa kutazama ni mfupi, kwa hiyo nakala iwepo kabla.

Mtu wa nyumbani ambaye hana fundi anaweza kufanya haya machache. Windows ikianza kuhesabu sekunde kwamba itakagua diski, na wewe hukukata umeme wala hukuizima vibaya, bonyeza kitufe chochote, itaacha. Ikiwaka, usianze kufuta wala kusakinisha kitu. Nakili unachokipenda, kisha ndiyo uiruhusu ikague. Kama imekuwa nzito ghafla, folda inachukua dakika kufunguka, au kuna mlio ambao jana haukuwepo, nakili kisha izime. Kuzima ni hatua nzuri. Diski iliyozimwa haiendelei kuharibika.

Lakini zaidi ya mtu wa nyumbani ninawalenga wenye ofisi, skuli na maduka makubwa, kwa kuwa hao ndio huandikiana na mafundi mikataba. Nimeona mikataba ya matengenezo yenye mistari mingi ya kubadilisha wino, kusafisha vumbi na "kutengeneza kompyuta zilizoharibika," bila mstari hata mmoja unaosema fundi ataangalia afya ya diski kila baada ya muda na atalipwa hata asipokuta kitu. Mkataba wa namna hiyo unamfundisha fundi kungoja maafa. Wekeni mstari huo. Andikeni pia kwamba hakuna diski itakayorekebishwa wala kufomatiwa kabla mwenye mafaili hajatia saini kwamba ameyaona yakifunguka mahali pengine. Ayaone kwa macho yake yakifunguka, isiwe kuambiwa tu kwamba yamehifadhiwa.

Kwangu mimi risiti sasa ina mistari miwili yenye bei mbili. Wa juu ni kutazama na kunakili, wa chini ni kutengeneza. Mteja anaweza kulipia wa juu peke yake, akaondoka na mafaili yake katika flashi na mashine ambayo bado ni mbovu, na wapo wanaofanya hivyo wakangoja mwisho wa mwezi. Anayetaka wa chini peke yake namrudishia mashine yake kama ilivyokuja, na kumwelekeza kwa jirani.